Pasta, hiyo si shetani, ni konkevu



Jumamosi iliyopita sikuonekana kwenye maombi ya alfajiri, na wengi mmeuliza kama niko salama. Niko salama. Nilikuwa nimelala chali chini ya kombaini kuukuu huko upande wa Narok, tochi mdomoni, makapi ya ngano yakiniingia shingoni, na fundi wetu ananiambia, "Pasta, sogea kidogo. Gonga hapo tena."

Walio katika kundi la WhatsApp la wakulima wa kanisa wanajua habari yenyewe. Familia 11 tumechanga kwa misimu mitatu ili tununue mashine yetu ya kuvuna, tuache kungoja za kukodi ambazo kila mwaka hufika Uasin Gishu mvua ikiwa nayo imefika. Pesa ipo, lakini si nyingi: milioni 1.8. Kwa pesa hiyo hununui mashine mpya. Unanunua mashine iliyozeeka Ulaya, ikaletwa huku, ikazeeka mara ya pili. Muuzaji alipatikana, picha zikatumwa, na picha zilikuwa nzuri. Mimi nikasema hakuna shilingi itakayotoka mpaka twende na fundi tuifungue.

Ndipo ndugu mmoja akaandika, na simtaji kwa sababu nampenda: "Pasta, muuzaji ni mtu aliyeokoka. Tukianza kumkagua kama mwizi, imani yetu iko wapi?" Watu 14 wakaweka mikono ya maombi chini ya maneno hayo.

Nimeamua kumjibu hapa, si kule, kwa sababu jibu langu ni ungamo, na wengi wenu hamkuwepo mambo haya yalipotokea.

Miaka sita iliyopita sisi watu watano tulinunua kombaini. Muuzaji alikuwa mpendwa wa kanisa lingine. Tulifika kwake saa nne asubuhi, tukakuta mashine imeoshwa, imepakwa rangi mpya, injini inanguruma tayari. Tukaletewa chai na mandazi. Tukaizunguka mashine mara moja, kama watu wanaomtazama ng'ombe ambaye moyoni walishamnunua. Niliuliza swali moja tu, kama inakula dizeli nyingi. Kisha nikapanda ngazi, nikaweka mkono juu ya usukani, nikaomba. Niliomba vizuri sana siku ile. Nilikemea ajali, nikakemea moto, nikaiweka wakfu, nikatoa kichupa cha mafuta mfukoni nikaipaka kwenye kioo cha mbele. Sikufungua mfuniko hata mmoja. Kwa jina zuri tunaita imani. Kwa Kiswahili cha sokoni ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Shamba la tatu tulilovuna lilikuwa la mama mjane wa kanisa letu, ekari 12. (Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, akasema, "Andika, Pasta, lakini usinifanye wa kuhurumiwa.") Ngano yake ilikuwa nzuri kuliko ya wote. Tuliitazama tukasema hii haitapungua magunia 15 kwa ekari. Jioni, baada ya ekari saba, tulihesabu magunia 63. Tukahesabu tena. Tukasema pengine macho yalitudanganya. Siku ya pili drumu ikaanza kupiga kelele, beringi yake ikashika, mashine ikasimama katikati ya shamba. Vipuri vilichukua siku nne kupatikana, na siku ya tatu mvua ilianza. Ilinyesha siku tisa mfululizo. Ekari tano zilizobaki zikaota zikiwa bado kwenye masuke. Kinu kilikataa, akaziuza kama chakula cha kuku.

Lakini kilichonimaliza ni zile ekari saba tulizodhani tumezivuna. Mvua ilipoacha, kulikuwa na mistari ya kijani shambani, imenyooka kama imepimwa kwa kamba, kila mahali mashine ilipopita. Ilikuwa ngano. Ngano ya yule mama ilikuwa imetoka nyuma ya mashine pamoja na majani, ikalala chini, na sasa ilikuwa inaota mbele ya macho ya kila mtu.

Jumapili ile nilihubiri. Nilisema adui ameingilia mavuno ya watu wa Mungu. Kanisa likasimama, tukakemea kwa sauti mpaka wengine wakalia. Yule mama alikuwa kiti cha tatu, na siku hiyo alitoa fungu la kumi kutoka kwenye pesa ya chakula cha kuku. Baada ya ibada fundi aliniita kando. Siku hizo alikuwa hajaokoka, alikuwa amemleta mkewe tu. Akatoa kwenye mfuko wa koti kipande cha chuma kilaini kama kijiko, akakiweka mkononi mwangu.

"Hiki kilipaswa kuwa na meno," akasema. "Pasta, hiyo si shetani. Ni konkevu."

Sikujua konkevu ni nini. Nilikuwa nimenunua kombaini, nimeiombea, nimehubiri juu yake, na sikujua. Acheni niwaeleze, maana tuko familia 11 na pesa ni yenu.

Ndani ya kombaini, nyuma ya kile kichwa kinachokata ngano, kuna drumu ya chuma. Juu ya drumu zimefungwa pau zenye meno ya mshazari, na kwa ngano drumu hiyo huzunguka mara 800 mpaka 1,200 kwa dakika, kutegemea ukubwa wake. Chini yake kuna wavu mzito wa chuma uliopinda kama kitanda cha mtoto. Huo wavu ndio konkevu. Suke hupita katikati, likasuguliwa, punje zikatoka na kuanguka kwenye matundu. Majani huendelea nyuma kwenye yale mabati marefu yanayotikisika, mafundi huyaita woka, ambayo hukung'uta punje zilizosalia kabla majani hayajatupwa nje. Sasa meno ya pau yakishalainika, na kingo za konkevu zikishakuwa mviringo, suke linateleza. Punje zinabaki ndani ya suke na kwenda nje. Opareta akiona hivyo anakaza konkevu na kuongeza mwendo wa drumu, na hapo punje zinapasuka. Ukilegeza unapoteza, ukikaza unavunja. Hakuna mpangilio wa opareta utakaorudisha chuma kilichokwisha.

Soma Isaya 28 kuanzia mstari wa 23. Miaka mingi nilipita hapo haraka. Ni habari ya mkulima anayejua kwamba kila nafaka ina namna yake ya kupurwa, na kwamba hata ile ya mkate haipurwi bila kikomo hadi ikaharibika. Na nabii anasema maarifa hayo mkulima amefundishwa na Mungu wake. Yaani kujua nafasi kati ya drumu na konkevu si jambo la nje ya kiroho. Mimi ndiye niliyeliweka nje.

Basi, Jumamosi.

Tuliondoka saa tisa usiku, watu wanne kwenye pikapu: mimi, fundi, mzee mmoja wa kanisa, na kijana atakayekuwa opareta. Tukapita Nakuru, tukapita Njoro, pale kituo cha KALRO wanapopima ngano za nchi nyingi kuona zipi zitastahimili kutu ya shina, tukapanda Mau gizani na baridi yake. Narok huvuna mapema kuliko sisi, kwa hiyo mwezi wa nane ndio wakati wa kukuta mashine ambazo zimetoka kazini juzi, bado zina vumbi la kazi.

Jioni yake nilikuwa nimempigia muuzaji simu na kumwomba jambo moja: asiiwashe kabla hatujafika. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, mwenye adabu. Tulipofika tukasalimiana, tukaomba, kisha fundi akaenda moja kwa moja kuweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla mgeni hajafika inaficha jinsi inavyoamka, na jinsi injini nzee inavyoamka asubuhi ndiyo habari yake nusu. Ya mzee iliamka mara ya pili. Moshi mweupe kidogo, ukaisha kabla hatujamaliza kuutazama. Moshi wa buluu ukiendelea, injini inachoma oili yake yenyewe. Fundi akafungua mfuniko wa kuwekea oili injini ikiwa inazunguka, akaweka mkono juu kusikia kama inapumulia hapo kwa nguvu, maana hiyo ni dalili kwamba ringi za pistoni zimechoka. Alikuwa ameshaangalia kijiti cha oili na maji ya rejeta kabla ya kuwasha: oili haina weupe wa maziwa, maji hayana mafuta juu yake. Mita ya saa ilikuwa imekufa kwenye 6,214, haijulikani tangu lini. Mita iliyokufa haisemi kitu, lakini pedali zililika mpaka chuma kinang'aa, na ngazi vilevile, kwa hiyo tukajua saa ni nyingi kuliko hizo.

Hapo mzee akanitazama. "Na wewe Pasta huniamini?"

Wapendwa, swali hilo ndilo lililonishinda miaka sita iliyopita. Hakuna aliyeniuliza kwa mdomo siku ile, nililijibu kabla halijaulizwa. Safari hii nilikaa na mzee kwenye ngazi ya mashine yake, nikamsimulia habari ya ekari saba za kijani. Sikuficha kitu, hata mahubiri. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaingia nyumbani, akatoka na daftari la shule lenye jalada lililochanika. Kila beringi aliyobadilisha, kila mkanda, kila oili, ameandika kwa mkono wake na tarehe. Na humo ndani ilikuwa imeandikwa: woka mbili zimechomelewa msimu uliopita.

"Hukuniambia, mzee," nikasema.

"Uliniomba picha," akajibu. "Hukuniomba daftari."

Nimelifikiria neno hilo wiki nzima.

Kijana wetu alizima injini, na fundi akachukua ufunguo akautia mfukoni mwake mwenyewe. Kabla hajafanya hivyo hakuna aliyeruhusiwa kuingiza hata kidole. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutambaa chini ya kichwa cha kukatia kilichoinuliwa, akanifokea kama mtoto wake, na alikuwa na haki. Kuna chuma cha usalama cha kuzuia kichwa kisishuke, na kilikuwa hakijawekwa. Haidroliki ikiachia, tani moja ya chuma inakushukia. Akakiweka ndipo nikaingia. Baadaye tulikiinua tena peke yake, watu wote wakiwa mbali, tukaweka alama ya urefu wake kwa kijiti na kukiacha nusu saa tuone kama kitazama chenyewe. Kilishuka kama upana wa vidole viwili. Fundi akasema kwa umri huo anavumilia.

Sehemu za mbele tulizimaliza upesi. Kisu kina vipande vinane vya kubadilisha, vidole viwili vimepinda, ile skrubu kubwa ya kukusanya ngano imelika lakini haijatoboka. Cheni ya kupandisha ngano imevutika, ina nafasi ya kukazwa kidogo tu.

Kwenye drumu tulikaa saa nzima. Kuna mlango mdogo mbele, unafungua, unaingiza tochi na mkono. Fundi aliniambia, "Leo gusa wewe." Nikapitisha kidole kwenye upau wa kwanza. Meno yapo, si makali ila yapo, unayahesabu kwa kucha. Wa pili vilevile. Wa tatu mpya kabisa, na ule unaoukabili upande wa pili wa drumu pia mpya. Hapo fundi akafurahi, maana pau hubadilishwa kwa jozi zinazokabiliana ili drumu isiyumbe kwa mwendo ule. Aliyebadilisha alijua kazi. Tukaizungusha kwa mkono tukisikiliza beringi: kimya, laini. Kisha akanishika mkono akaushusha mpaka kwenye konkevu, upande wa mbele ambako ngano huingilia, sehemu inayoumia kwanza. Kingo zilikuwa mviringo. Laini kama kijiko.

Nilikaa hapo chini na mkono ndani ya mashine na sikuweza kusema kitu. Nilikijua hicho chuma. Nilikishika mlangoni mwa kanisa miaka sita iliyopita.

"Pau nzuri, konkevu imekwisha," fundi akaandika. Akaangalia pia kama imepindishwa na jiwe. Haikuwa imepinda, na ule mfereji wa kunasa mawe mbele ya drumu ulikuwa safi, kumaanisha kuna mtu alikuwa akiusafisha.

Zile woka mbili zilizochomelewa, weld yake ilikuwa safi. Tuliitikisa kila moja kwa mikono miwili kusikia kama inacheza kwenye vishikio vyake. Moja ilicheza. Chekeche nzima. Lakini chini, kule nilikokuwa nimelala na tochi, ndiko mashine nzee husema kweli. Ngano husugua bati kama msasa, gunia baada ya gunia, na hulila kutoka ndani, kwa hiyo nje unaona rangi tu. Unagonga kwa mpini wa bisibisi. Bati nene lina sauti nzito, bati lililolika linalia kama debe. Nilikuwa nikigonga, fundi akisikiliza. Sakafu ya elevata ya nafaka ililia kama debe. Kwenye kona ya bomba la kumwagia ngano hatukuhitaji kusikiliza: bisibisi ilipita ikatokea upande wa pili.

Mengine nayataja tu: mikanda miwili ina nyufa, tairi za nyuma zitavumilia msimu mmoja, nyaya karibu na bomba la moshi zimekauka na hapo makapi hukusanyika, kwa hiyo kuna hatari ya moto na itabidi kuzibadilisha. Nambari iliyogongwa kwenye chasi inalingana na karatasi zake. Nilimuuliza pia kama ameiweka dhamana ya mkopo popote, akasema hapana, na akakubali kuandika hivyo na kutia sahihi mbele ya mashahidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulitarajia, kwa sababu nilienda Narok nikijilinda na muuzaji, nikakuta wa kulindwa ni yeye.

Fundi alipiga hesabu chini ya mti: konkevu, bati za elevata na bomba, vishikio vya woka, mikanda, nyaya, vidole na visu. Jumla 286,000 pamoja na kazi yake. Bei ya mzee ilikuwa milioni 1.75. Mzee wetu wa kanisa, ambaye ni hodari sokoni kuliko sisi wote, alikuwa ameshapata habari kwa majirani kwamba mke wa muuzaji anatibiwa Nakuru na kwamba anahitaji pesa kabla mwezi haujaisha. Akaanza kuizunguka mashine akipiga teke tairi. "Hii ni chuma chakavu. Injini inavuta moshi. Drumu imekufa. Laki nane, na ni huruma." Mzee alianza kukubali. Niliona mabega yake yakishuka. Alikuwa haamini tena mashine yake mwenyewe, mashine ambayo ameandika kila beringi yake kwenye daftari.

Kuna mstari katika Mithali 20, wa 14, juu ya mnunuzi anayelaumu bidhaa mbele ya muuzaji kisha akajisifu akiwa njiani kurudi nyumbani. Siku zote niliusoma nikicheka, nikiona wafanyabiashara wa kule sokoni. Sikuwahi kujiona mimi na wazee wa kanisa langu ndani yake.

Nilimvuta mzee wetu kando. Hakupenda. Aliniambia, "Pasta, pesa ni ya kanisa, mimi naitetea." Na ni kweli alikuwa anaitetea, simhukumu. Nikamwambia injini haivuti moshi, tumeiona. Drumu haijafa, nimeishika. Tumekuja kuikagua mashine ili tuujue ukweli wake, na ukweli una pande mbili za karatasi. Tukarudi chini ya mti, nikamwomba fundi asome zote mbili kwa sauti mbele ya mzee: iliyo mbovu yote, kisha iliyo nzuri yote. Alipofika kwenye "injini nzima, drumu na pau zake nzuri, beringi zimetunzwa," mzee aliinua kichwa.

Tukaomba apunguze 250,000. Akapunguza 200,000, akaongeza kisu cha akiba na sanduku la mikanda ambalo anasema hana kazi nalo tena. Hatujalipa. Tumekubaliana kwa maandishi kwamba pesa itatoka baada ya mashine kuingia shambani, kwa sababu mashine inaweza kupendeza ikiwa tupu na kushindwa ikibeba. Mzee ana ekari nne za ngano amezibakisha. Alhamisi hii itavuna mbele yetu.

Ndugu yangu uliyeandika kule kwenye kundi, nakuomba uje. Una macho mazuri. Kazi ya kwanza itakuwa kuhesabu punje nyuma ya mashine. Tutapima futi moja ya mraba sehemu kadhaa, upana wote ambao mashine imekata, si pale majani yalipolundikana peke yake, na kabla ya hapo tutahesabu zile zilizokuwa zimeshapukutika kabla mashine haijapita, tusiisingizie. Punje kama 20 kwa kila futi ya mraba ni takriban kilo 27 zinazoachwa kwenye ekari moja. Konkevu imelika, kwa hiyo najua tutakuta kitu. Tunataka kujua ni kiasi gani, na kama injini haichoki, na kama tenki linajaa ngano safi au iliyopasuka.

Yale mahubiri ya miaka sita iliyopita bado yako kwenye ukurasa huu. Sijayafuta. Leo nimeandika chini yake kwamba nilikosea, na kwamba siku ile nililaumu adui kwa kazi ambayo ilikuwa yangu. Yule mama nilimwomba msamaha Jumanne nyumbani kwake. Alinisikiliza akiwa anapepeta maharagwe, hakuacha kupepeta. Alisema alijua. Fundi alimwambia wiki ileile, na alikuwa anangoja nimwambie mimi.

Pikapu inaondoka kanisani Alhamisi saa tisa usiku. Kuna nafasi mbili. Njoo na tochi na nguo za kazi, na sweta, Mau ni baridi. Nafasi ya mbele imeshachukuliwa. Mama amesema anakuja, na amesema hatapanda juu ya mashine. Yeye atatembea nyuma yake.